Ufukwe, Ukingo, Mwambao: Kuzisoma Barua za Dola Kuhusu Ziwa Nyasa

Ikisiri

Mgogoro wa mpaka wa Ziwa Nyasa kati ya Tanzania na Malawi umeandikwa sana na wanasheria na wanahistoria wa siasa. Makala haya yanazisoma nyaraka zake kama barua, yaani kama matini za utanzu wenye kaida zake, mwandikaji wake na mwandikiwa wake. Yanajikita katika sentensi moja ya mkataba wa mwaka 1890 na hati mbili za Januari 1967, na kuzilinganisha na barua za kidola za China ya enzi ya Song na za Kilwa ya karne ya 18. Hoja kuu ni mbili: kwamba kilichovunjika mwaka 1967 kilikuwa kwanza barua yenyewe, kabla ya urafiki wa dola, na kwamba Kiswahili kinachotumiwa leo kuwaeleza wakazi wa ziwani habari hizi kimekuwa kikiuchora mpaka upya kila kinapoteua neno.

Utangulizi

Kila Jumamosi vyungu vya Wakisi hufika katika soko la Lyulilo, jirani na Matema, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa. Vingi hutoka Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone, ambako ufinyanzi ni kazi ya wanawake na mtumbwi ndiyo njia kuu ya kufikia soko. Safari ni fupi. Lakini ikisomwa kwa mujibu wa sentensi moja iliyotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, mtumbwi unapouacha mchanga wa Ikombe huingia nchi nyingine, na unapougusa mchanga wa Lyulilo hurudi nchi ya kwanza. Ikisomwa kwa mujibu wa hati ambayo Serikali ya Tanzania iliipelekea Serikali ya Malawi tarehe 3 Januari 1967, mtumbwi huohuo haujatoka popote.

Sikusudii kuamua maji ni ya nani. Swali hilo lina wenyewe, na wengi wao wamelijibu kabla ya kuzisoma nyaraka kwa makini. Ninalokusudia ni dogo zaidi, na nadhani linaihusu taaluma yetu moja kwa moja: kuuliza nyaraka hizo zimeandikwaje, zinamsemesha nani, na hutokea nini zinapoingia katika Kiswahili.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba nyaraka hizi hazikuandikwa kwa Kiswahili, hivyo hazina nafasi katika jarida la Kiswahili. Pingamizi hili lina sura ya usahihi lakini linakosa shabaha. Mvuvi wa Matema na mfinyanzi wa Ikombe hawajawahi kukutana na mkataba wa 1890 kwa Kijerumani wala kwa Kiingereza. Wamekutana nao redioni, magazetini, darasani na katika hotuba za bungeni, yaani katika Kiswahili. Kwao matini ya Kiswahili ndiyo matini. Tafsiri iliyofanywa harakaharaka na mhariri wa habari ina nguvu kwao kuliko asilia iliyolala katika makavazi, na hakuna mhakiki aliyeigusa.

Kuna sababu nyingine pia. Uhakiki wetu umeiachia barua nafasi finyu. Shuleni inafundishwa kama umbo: anwani, tarehe, mada, mwili, hitimisho, saini. Chuoni hutajwa kwa kupita tunapoigusa riwaya ya kibarua, au tunapozisoma barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kama dirisha la kumchungulia mwandishi. Barua kama utanzu wenye siasa yake, barua inayoweza kuwapa watu ziwa au kuwanyima, hatujaijengea msamiati wa kuihakiki.

Sentensi inayotembea

Ibara ya kwanza ya mkataba wa 1890 inaueleza mpaka wa kusini wa eneo la Wajerumani. Kwa muhtasari wangu, mstari unaanzia pwani ya bahari kwenye mpaka wa kaskazini wa Msumbiji, unaufuata Mto Ruvuma hadi unapopokea Mto Msinje, unakwenda magharibi sambamba na latitudo hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, kisha unageuka kaskazini na kuendelea kando ya fukwe za mashariki, kaskazini na magharibi za ziwa hadi ukingo wa kaskazini wa mlango wa Mto Songwe.

Kiima cha maelezo haya yote ni mstari. Mstari unaanza, unafuata, unakwenda, unageuka, unaendelea. Hakuna anayeuchora. Vitenzi vyote ni vya mwendo, vile ambavyo msimulizi wa hadithi humpa msafiri, na msafiri huyu anazunguka nusu ya kaskazini ya ziwa bila kukutana na mtu. Anapita Mbamba Bay, Liuli, Manda, Lupingu, Lumbila, Ikombe, Lyulilo, Matema na Mwaya bila kupataja hata pamoja. Ukiacha Msumbiji, majina yanayoruhusiwa kuingia katika sentensi ni ya maji tu: mito mitatu na ziwa. Nchi ya watu imegeuzwa kuwa nchi ya maji, kisha maji yenyewe wakanyimwa watu.

Jambo linalomgusa mwanaisimu zaidi ni nomino. Kijerumani kinatumia neno moja, Ufer, kwa ufukwe wa ziwa na kwa ukingo wa mto. Kiingereza kinayagawa: shore kwa ziwa, bank kwa mto. Kwa hiyo hata katika lugha zake mbili za kuzaliwa sentensi hii haikuwa na uga mmoja wa maana. Msomaji wa Kijerumani aliona aina moja ya mahali, pale ardhi inapokutana na maji, ikirudiwa kutoka ziwani hadi mtoni. Msomaji wa Kiingereza aliona mahali pa aina mbili. Tofauti hii haikumsumbua mtu yeyote Berlin mwaka 1890, kwa kuwa waliokuwa mezani walijua wanachogawana na hawakutarajia kuishi hapo.

Ibara ya sita ya mkataba huohuo husomwa mara chache nje ya hoja za mawakili wa upande wa Tanzania. Inasema kwamba mistari iliyotajwa inaweza kurekebishwa kwa makubaliano ya dola hizo mbili kulingana na mahitaji ya mahali. Kimtindo, hiki ndicho kifungu pekee ambamo mkazi anajitokeza, tena kwa mlango wa nyuma, ndani ya nomino dhahania “mahitaji”. Mahali pana mahitaji; haisemwi pana watu. Hata hivyo mlango umeachwa wazi, na sioni ajabu kwamba karne nzima baadaye hoja imeendelea kupenya hapo.

Dai linalovaa nguo ya kukana

Hati ya 3 Januari 1967 iliandikwa kwa kaida za kidiplomasia zinazojulikana: nafsi ya tatu pande zote mbili, serikali ikiiarifu serikali, bila “mimi” wala “wewe”. Kiini chake kinachorejelewa mara kwa mara ni kwamba Tanzania haina dai lolote juu ya maji yaliyo ng'ambo ya mstari unaopita katikati ya ziwa, na kwamba mstari huo pekee ndio inaoutambua kuwa mpaka wa kisheria na wa haki.

Hii ni sentensi iliyoandikwa na mtu hodari. Dai limetamkwa kwa ukanushi. Mwandikaji hasemi “nataka nusu”. Anasema “sitaki zaidi ya nusu”. Anayesema hivyo amekwisha kuketi juu ya nusu yake na sasa anatangaza ukarimu kuhusu nusu ya pili. Msomaji anayetaka kupinga inampasa kwanza akifichue kilichodokezwa, kwa kuwa kilichotamkwa ni kujinyima. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaifahamu mbinu hii vizuri katika mazungumzo ya mahari na mirathi, ambako mjomba hufungua kwa kuorodhesha asivyovidai.

Sifa mbili za mstari nazo zinastahili kutazamwa. Mstari ni wa kisheria, na ni wa haki. Kwa nini mbili? Sheria peke yake haikutosha, na hati inaonekana kulijua hilo. Maneno ya mkataba wa 1890 yalikuwa upande wa pili. Azimio la wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, lililopitishwa Cairo Julai 1964 kwa msukumo mkubwa wa Mwalimu Nyerere mwenyewe, liliwataka wanachama waiheshimu mipaka waliyoirithi siku ya uhuru. Viongozi wa Tanganyika nao, mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikuwa wametoa kauli zilizoelekea kukubali kwamba ziwa halikuwa lao. Upande wa Tanzania ulikuwa na ramani kadhaa za kipindi cha Waingereza zilizoupitisha mpaka katikati ya maji, pamoja na hoja ya maisha ya watu. Sifa ya pili, “wa haki”, imebebeshwa mzigo ambao ile ya kwanza isingeweza kuubeba.

Sasa itazame hati hii ikivuka kuingia Kiswahili. “Haki” yetu ni neno pana mno: lina maana ya uadilifu, ya stahili, na mara nyingi ya uhalali wa kisheria. Vyombo vya habari vinaposema “mpaka wa haki ni katikati ya ziwa”, sifa mbili zimekuwa moja, na wasiwasi wa kiakili uliomlazimu mwandishi wa hati kuziweka mbili umefutika. Msomaji wa Kiswahili anapokea uhakika ambao hati yenyewe haikuwa nao. Sisemi kwamba uhakika huo ni batili. Nasema kwamba umetoka katika leksimu, na haukutoka katika hoja.

Jibu lililogeuka hotuba

Malawi ilijibu tarehe 24 Januari 1967. Jibu lilikiri kuipokea hati na kueleza kwamba suala linazingatiwa. Wiki tatu kwa stakabadhi. Katika kaida za kidiplomasia hili halina ukali wowote. Ni namna ya kununua muda kwa adabu. Katika maadili ya barua ya Kiswahili, barua inayosema tu “nimeipata yako” bila neno la pili ni jibu tayari, na mwandikiwa hutulia akisubiri la pili akijua halitakuwa zuri.

La pili lilipokuja halikuja kwa barua. Juni 1967 Rais Kamuzu Banda alilikataa dai la Tanzania akiwa bungeni mwake. Hapa ndipo ninapoona mvunjiko ambao wasomaji wa siasa huupita. Barua ina watu wawili. Hotuba ya bungeni ina watatu: msemaji, wasikilizaji wake wanaomshangilia, na mtu wa mbali ambaye anasemwa badala ya kusemeshwa. Tanzania ilikuwa mwandikiwa mwezi Januari. Mwezi Juni ikawa nafsi ya tatu kwa maana mbaya ya neno hilo, mtu anayezungumzwa mbele za watu wengine. Septemba 1968 Banda alikwenda mbele zaidi na kudai kwamba hata ardhi iliyo kaskazini mwa ziwa, ndani kabisa ya Tanzania, ilikuwa ya Malawi kihistoria. Nyerere naye alijibu kutoka jukwaani, kwa maneno makali yasiyo na nafasi katika hati yoyote ya serikali. Utanzu ulikuwa umebadilika. Kila mmoja alikuwa sasa anawaandikia watu wake.

Mwaka 2012 mchezo ulirudiwa karibu hatua kwa hatua. Malawi ilikuwa imetoa kibali cha kutafuta mafuta na gesi ziwani. Mwezi Agosti suala likatawala Bungeni Dodoma na magazetini. Mwezi huohuo wajumbe wa nchi mbili wakakutana Mzuzu. Oktoba Malawi ikajitoa katika mazungumzo, sababu mojawapo ikiwa ramani mpya ya Tanzania. Ramani ni barua isiyo na mwandikiwa. Haimsalimu mtu, haisubiri jibu, na ndiyo maana inaudhi kuliko barua. Usuluhishi uliofuata chini ya Jukwaa la marais wastaafu wa Afrika, lililoongozwa na Joaquim Chissano, uliwaomba wahusika kitu kilekile kilichopotea Juni 1967: waandikiane.

Undugu kama kaida ya barua

Nimejifunza zaidi kuhusu hati hizi kutoka China ya karne ya 11 kuliko kutoka katika vitabu vya sheria ya kimataifa. Mfalme wa Song, upande wa kusini, na mfalme wa Liao wa Wakhitani, upande wa kaskazini, walimaliza vita vyao mwanzoni mwa mwaka 1005 huko Chanyuan kwa kubadilishana barua za kiapo. Song ilikubali kutoa kila mwaka fedha wakia 100,000 na hariri jora 200,000. Wafalme wakapeana undugu: Zhenzong wa Song, aliyekuwa mkubwa kwa umri, akawa kaka, Shengzong wa Liao akawa mdogo, na mama yake Shengzong, aliyeshika hatamu za dola, akaitwa shangazi. Undugu huu ulihesabiwa upya kila kizazi, hivi kwamba warithi waliweza kujikuta mtu na baba yake mdogo au mtu na mpwa wake. Barua zilipelekwa kila mwaka mpya na kila siku ya kuzaliwa ya mfalme. Amani hiyo ilidumu kwa zaidi ya karne moja.

Kinachonivutia ni kwamba walipogombana, waligombana kuhusu neno. Mwaka 1042 Liao iliibana Song na malipo yakaongezwa kwa 100,000 ya fedha na 100,000 ya hariri. Mjumbe wa Song, Fu Bi, alistahimili nyongeza. Alichokipigania kwa nguvu zote kilikuwa kitenzi. Liao ilitaka malipo yaelezwe kwa kitenzi xian, ambacho ni kutoa kwa unyenyekevu, mdogo kumpa mkubwa. Fu Bi alikataa. Mwishowe baraza la Song lilikubali kitenzi cha kati, na, kuwasilisha. Katika barua ya kiapo ya 1005 malipo yaleyale yalikuwa yameelezwa kama msaada wa gharama za jeshi. Fedha ni ileile na hariri ni ileile. Kilichobadilika ni nani anainama. Karne moja baadaye, Song ilipoangukia mikono ya Wajurchen wa dola ya Jin, mfalme wake alilazimika kujiita mtumishi katika mapatano ya 1141, na warithi wake walipopata nafuu miaka ya 1160 nafuu yenyewe ilikuwa ya istilahi: kutoka mtumishi hadi mpwa.

Wapo wanaouita undugu huu unafiki. Hawajasoma barua za kutosha. Istilahi ya ukoo inafanya kazi ambayo “Serikali inaiarifu Serikali” haiwezi kuifanya: inamlazimu mwandikiwa ajibu. Mdogo asiyejibu salamu ya kaka amekosa adabu, na kosa hilo linaonekana na watu wake mwenyewe. Serikali isiyoijibu serikali haijamkosea mtu.

Nasi tulikuwa na mapokeo haya. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa yaliyosalia ni barua zilizoandikwa Kilwa kuanzia mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, ambazo leo zimo katika makavazi ya Goa. Zinatoka katika baraza la mfalme mwanamke, Fatima wa Kilwa, wakati ambapo Waomani walikuwa wameukamata mji na Wareno walikuwa wakitafuta njia ya kurudi. Hizi ni barua za kidola, zimeandikwa kati ya mahasimu, kwa Kiswahili, na zinafuata kaida ya salamu ndefu kabla ya neno. Salamu hizo wasomaji wa leo huziruka wakitafuta “taarifa”. Lakini katika barua ya aina hiyo salamu ni sehemu ya taarifa: humweleza mwandikiwa kiwango alichowekewa, kabla ya kuelezwa anachotakiwa. Ukichunguza barua za karne ya 19 ambazo Carl Büttner alizichapisha mwaka 1892 utaiona kaida ileile ikiwa hai kwa wafanyabiashara na maliwali.

Linganisha na Januari 1967. Siku kumi na mbili tu baada ya jibu la Malawi, Azimio la Arusha lilichapishwa, na neno “ndugu” likapanda kuwa cheo cha kila raia. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa tayari ikitangaza undugu wa binadamu wote na umoja wa Afrika. Ng'ambo ya ziwa, mapokeo ya Wangonde na Wanyakyusa yanawapeleka Kyungu na Lwembe katika asili moja iliyoshuka kutoka Ukinga, na lugha zao zinafahamiana kiasi cha wanaisimu kuziorodhesha kama lugha moja. Undugu ulikuwepo kila mahali isipokuwa katika barua. Lugha ya kisiasa iliyojaa “ndugu” nyumbani ilivuka maji ikiwa imevaa nafsi ya tatu ya Ulaya.

Simlaumu aliyeiandika hati. Kaida ya kidiplomasia ya wakati ule haikumpa chaguo jingine, na barua ya kindugu kwa Banda mwaka 1967, katika mazingira ya uhusiano wake na Afrika Kusini na Ureno, huenda ingesomwa kama dhihaka. Hata hivyo mhakiki anapaswa kuona kilichokuwa hakipo mezani.

Jina

Jambo hili nitalipita upesi. “Nyasa” ni neno la lugha za eneo hilo lenye maana ya ziwa au maji makubwa, jamaa ya “nyanja”. Aliyelipokea kama jina mahususi ni Livingstone, mwaka 1859. “Ziwa Nyasa” kwa hiyo ni “Ziwa Ziwa”. Malawi, baada ya uhuru wa 1964, ililiita ziwa kwa jina la nchi. Matokeo yake ni kwamba hakuna upande unaoweza kuandika hata sentensi ya kwanza ya barua bila kuwa umeshachagua: “Ziwa Malawi” linaweka umiliki ndani ya kiambishi cha kijiografia, ilhali “Ziwa Nyasa” linakataa kulitambua badiliko. Song na Liao walilikwepa tatizo la aina hii kwa kuitana mahakama ya kusini na mahakama ya kaskazini, majina ya dira yasiyomdai mtu chochote. Mtu angedhani “ziwa hili” lingetosha.

Maneno ya ufukweni

Nimeacha suala la tafsiri mwisho kwa sababu ndilo lililo mikononi mwetu. Je, mstari wa 1890 unapita wapi kwa Kiswahili? Katika maandishi na matangazo ya Kiswahili kuhusu mgogoro huu nimekutana na maneno manne yakipokezana kana kwamba ni visawe: pwani, mwambao, ufukwe, ukingo. Si visawe.

“Pwani” linatokana na kitenzi “pwa”, kupungua kwa maji bahari inapotoka, pamoja na kiambishi cha mahali. Ni mahali panapokupwa. Ziwa halipwi wala halijai kwa siku, na kulipa ziwa pwani ni kulipa sehemu ambayo maji huiacha na kuirudia, eneo la katikati ambalo katika ziwa halipo. Neno hili linaleta bahari nzima na sheria zake mahali pasipokuwa na bahari.

“Mwambao” ni ukanda. Mwambao wa Kenya una miji, minazi na watu ndani yake. Anayeandika kwamba mpaka unafuata mwambao wa ziwa amewaingiza Lyulilo, Matema na Itungi ndani ya mpaka wenyewe, kana kwamba mstari una upana wa kijiji. Kisheria ni upuuzi. Kimaisha, nakiri, ndilo neno lililo karibu zaidi na ukweli wa Lyulilo, ambako mtumbwi, mchanga na soko ni mahali pamoja.

“Ufukwe” una mchanga. Kamusi zinaupa maana ya nchi kavu iliyo kando ya maji, na mtumiaji wa kawaida huona mahali anapoweza kukaa, kuanika dagaa, kupanga vyungu. Mpaka ukifuata ufukwe, mchanga ni wa nani? Wa kabla ya mpaka au wa baada yake? Lakini upande wa Ikombe milima huingia majini moja kwa moja mahali pengi, wala hakuna ufukwe wa kuufuata. Kwa maneno mengine, mstari wa Berlin ungekatika.

“Ukingo” ndilo neno jembamba. Lina mto, kisima, meza na chungu: kila kitu chenye mwisho kina ukingo. Linaweza kubeba Ufer ya Kijerumani kwa ziwa na kwa mlango wa Songwe bila kubadilishwa katikati ya sentensi. Kwa mfasiri anayetaka uaminifu kwa matini ya 1890, pendekezo langu ni “ukingo” mwanzo hadi mwisho.

Wembamba huo una adhabu yake. Ukingo wa maji husogea. Kati ya mwaka 1915 na 1935 hivi, maji ya ziwa yalikuwa chini kiasi kwamba Mto Shire ulikoma kuyatoa. Baadaye kina kikapanda kwa mita kadhaa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 maji yakazidi kimo ambacho wazee wa ziwani walikizoea. Katika uwanda wa Kyela, ulio tambarare, mita moja ya kina ni mita nyingi sana za nchi. Mpaka unaofuata ukingo ni mpaka unaopanda ufukweni msimu wa masika na kuteremka kiangazi, na mfinyanzi anayeosha udongo wake miguu ikiwa majini yuko nje ya nchi kuanzia vifundo vya miguu kwenda chini.

Mwaka 1969 Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ambamo hati ya deni inamruhusu mdai kukata nyama lakini haimpi tone la damu. Sina ushahidi kwamba ziwa lilikuwa akilini mwake, na sitaki kuuzua. Ninachoweza kusema ni kwamba msomaji wa Kiswahili aliyepata kuisoma tamthilia hiyo anazo nyenzo zote za kuusoma mkataba unaotoa maji bila ukingo na ukingo bila maji, na sijui kwa nini hatujawahi kuzifundisha matini hizi mbili pamoja.

Hoja hii si ya kujifurahisha kitaaluma. Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania na Malawi zote ni wanachama, ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Siku mgogoro huu utakaporudi mezani, na utarudi, inawezekana kwa mara ya kwanza kuwe na toleo la Kiswahili la nyaraka zake lenye hadhi ya kutumika. Atakayeliandaa atakuta “mpaka wa haki”, “mwambao” na “ufukwe” vimeshazoeleka magazetini, na asipokuwa na uhakiki wa kumwonya atavichukua kama vilivyo.

Atakuwa na mfano mmoja wa kumsaidia, nao uko upande wa magharibi wa Lyulilo. Mto Songwe katika uwanda wa chini umekuwa ukihama, ukiwaacha wakulima waliolala Tanzania wakiamkia Malawi na kinyume chake. Kuhusu mto huo nchi hizi mbili ziliandikiana hadi mwisho: mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde lake, na sekretarieti yake ikawekwa Kyela. Moja ya malengo ya kazi yao ya pamoja ni kuuimarisha mkondo usihame, yaani kwanza kuujengea mto ukingo unaokaa, kisha kuuita mpaka. Kwa ziwa kazi hiyo haiwezekani kwa mawe wala kwa miti. Mfasiri atakayeandika “ukingo wa ziwa” atalazimika kuongeza maneno mawili au matatu ambayo Berlin haikuyaweka, akieleza ni ukingo wa maji ya mwaka gani.